Ali Yupi? Historia ya Majina Yanayogongana Ndani ya Kompyuta

Simama langoni mwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor kwenye barabara ya Tom Mboya, uwaulize wapita njia watatu wa marika tofauti mahali hapo panaitwaje. Mzee wa Mji wa Kale huenda akakujibu MIOME. Mtu wa makamo atasema Poli. Kijana mwenye begi la laptopu mgongoni atasema TUM. Hakuna aliyekosea. Chuo hiki kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa (MIOME kwa kifupi cha Kiingereza), kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora, Sheikh Khamis Mohamed bin Juma na serikali ya kikoloni. Mwaka 1966 kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Mwaka 1972 kikapandishwa kuwa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Majina matano, kiwanja kimoja.

Shuka sasa mpaka Mji wa Kale, na mambo yanageuka: jina moja, watu wengi. Mtu akifika barazani na kusema ana barua ya Ali, hapewi jibu bali swali. Ali yupi? Ali wa Mohamed. Mohamed yupi, wa Kuze au wa Kibokoni? Wa Kibokoni. Na bado kuna wawili, mpaka itajwe taifa: yule Mkilindini. Hapo ndipo barua inapompata mwenyewe.

Mataifa hayo ya Mombasa ni kumi na mawili, ndiyo maana wenyewe huyaita Thenashara Taifa. Matatu, yaani Thelatha Taifa, ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Tisa yaliyobaki ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza na wenzao. Sikiliza majina hayo utasikia ramani ya mwambao: Jomvu, Mtwapa, Kilifi, Pate, Faza. Waliokuja kisiwani walikuja na majina yao, na akina Ali wa Pate wakawakuta akina Ali wa Kilindini. Majina hayakugongana kwa uvivu wa wazazi. Yaligongana kwa sababu miji mingi ilikutana mahali pamoja.

Kompyuta nazo zimepitia safari hiyohiyo, na imezichukua zaidi ya miaka sabini kujifunza kuuliza swali la barazani.

Karani na rejista

Mwanafunzi wa lugha ya C, awe Tudor au kwingineko, haandiki programu yote katika faili moja. Anaweka hesabu za ada katika faili moja, uchapishaji wa risiti katika jingine, na kazi nyingine anaziazima kwenye maktaba za programu zilizoandikwa na watu asiowajua. Kompaila husoma kila faili peke yake na kuligeuza kuwa lugha ya mashine, kama karani anayefasiri barua moja bila kuziona nyingine. Akikuta mahali panapoita fanksheni, yaani programu ndogo, yenye jina "hesabu", naye hajui inakaa wapi, huacha pengo na kuandika kando: hapa iwekwe anwani ya hesabu.

Baada yake huja programu ya pili, linka. Huyu hukusanya mafaili yote, hufungua rejista ya majina, humpa kila mwenye jina anwani yake katika kumbukumbu ya mashine, kisha hurudi kujaza mapengo. Kazi yake huharibika kwa njia mbili: jina limeitwa na hakuna anayeitikia, au limeitwa na wakaitika wawili. La kwanza ni rahisi, mtu hayupo. La pili ndilo lenye historia ndefu, kwa kuwa wakiitika wawili mashine inaweza kukataa, na inaweza pia kumchukua mmoja ikanyamaza.

Kabati la Cambridge

Kompyuta ya EDSAC ilifanya kazi kwa mara ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, tarehe 6 Mei 1949. Maagizo yake yalitobolewa kwenye kanda za karatasi. Maurice Wilkes na wenzake waligundua mapema kwamba wanaandika mambo yaleyale kila siku: kugawanya, kutafuta kipeuo cha pili, kuchapa jibu. Kwa nini wasiandike mara moja, wakaweka, wakaazima?

Tatizo lilikuwa anwani. Programu ndogo iliyoandikwa kana kwamba inaanza kwenye nafasi ya sifuri haifai kitu ikipangwa kuanzia nafasi ya mia mbili, maana kila mahali inapojitaja yenyewe itakuwa inamtaja jirani. Dawa iliandikwa na kijana wa miaka 22, David Wheeler. Maagizo yake ya kuanzishia mashine, ya Septemba 1949, yalikuwa 41 tu, lakini yaliposoma kanda yaliongeza kwenye anwani za ndani ile namba ya mahali programu ndogo ilipopangwa. Mbegu ya linka ilipandwa hapo.

Maktaba ikakua. Kufikia mwaka 1951 kabati la Cambridge lilikuwa na programu ndogo 87, kila moja na herufi ya ukoo wake na namba: D kwa kugawanya, P kwa kuchapa, S kwa vipeuo, T kwa hesabu za pembe. Mwaka huohuo Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walichapisha kitabu cha kueleza utaratibu huo. Katika kabati hilo majina hayakugongana, kwa sababu kabati lilikuwa moja na mwenye funguo anajulikana.

Marekani, Grace Hopper alikuwa akishughulikia kompyuta ya UNIVAC. Mfumo wake wa A-0, wa mwaka 1951 na 1952, ulipewa orodha ya namba za programu ndogo, ukazitafuta kwenye utepe wa sumaku, ukazipanga na kuzishikanisha kuwa programu moja. Kwa kuwa ulikusanya, akauita kompaila. Leo tungeuita linka. Kwa hiyo neno "kompaila" lenyewe limekuwa na wenyewe wawili, na anayesoma maandishi ya wakati ule hana budi kuuliza: ipi?

Herufi sita

Namba ni anwani nzuri kwa mashine lakini ni jina baya kwa mtu. Kampuni ya IBM ilipotoa lugha ya FORTRAN mwaka 1957, kisha FORTRAN II mwaka 1958, waandishi wa programu waliweza kuziita programu ndogo kwa maneno, na kuzipitisha kwenye kompaila moja moja kisha kuziunganisha baadaye. Hiyo ya pili ilikuwa nafuu kubwa, kwani kosa katika ukurasa mmoja halikudai tena kazi nzima irudiwe. Lakini jina lilikuwa na mpaka: herufi sita. Neno moja la mashine ya IBM 704 lilikuwa na biti 36, kila herufi ilikula biti 6, kwa hiyo sita ndizo zilizotosha chumba kimoja.

Jaribu kuishi na sheria hiyo kwa Kiswahili. Mtu anaandika fanksheni mbili, hesabu_kodi na hesabu_mishahara. Linka inayosoma herufi sita inaona "hesabu" na "hesabu". Hata wenye Kiingereza chao kifupi walibanwa. Maktaba za hesabu za matriki zilijaa majina kama DGEMM, ambamo D ni aina ya namba, GE ni aina ya matriki na MM ni kuzidisha matriki mbili. Fanksheni hiyo bado inaitwa hivyo, na inafanya kazi katika programu nyingi za kisayansi za leo, kama mzee anayeitwa kwa jina la utani ambalo waliolitunga wameshasahaulika.

Mpaka huo ulidumu kuliko mashine iliyouleta. Dennis Ritchie alipoiunda lugha ya C katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, kompaila yake iliweza kusoma majina marefu kidogo, lakini majina ya nje, yaani yale yanayoitwa kutoka mafaili mengine, yalipita mikononi mwa linka za kila kampuni. Kitabu alichokiandika na Brian Kernighan mwaka 1978 kiliorodhesha hali ilivyokuwa: herufi 7 kwenye kompyuta ya PDP-11, herufi 6 kwenye Honeywell 6000 bila kutofautisha kubwa na ndogo, 7 kwenye IBM 360. Mwaka 1989 Wamarekani walipoiwekea C kiwango rasmi, bado waliahidi herufi 6 tu kwa majina ya nje. Zilipanda kufikia 31 katika kiwango cha mwaka 1999, miaka arobaini na moja baada ya FORTRAN II.

La nyumbani na la nje

Pamoja na ufinyu huo, C ilileta jambo ambalo mtu wa mwambao angelielewa bila mwalimu. Mtoto ana jina analoitwa na mama yake ndani, na ana jina linalosomwa siku ya ndoa yake. La ndani haliendi msikitini, na nyumba ya pili wakiwa nalo hakuna ugomvi. Katika C, ukitanguliza neno static kabla ya fanksheni, jina lake linabaki ndani ya faili lile. Mafaili kumi yanaweza kuwa na "hesabu" kumi na linka asijali. Usipolitanguliza, umelipeleka jina sokoni, na sokoni anatakiwa mmoja.

Lugha zenyewe nazo zilihitaji kutenganishwa. Kompaila ya C kwenye mfumo wa Unix ilitanguliza mstari mdogo kabla ya kila jina, na ile ya Fortran ikaongeza mwingine mwishoni. Hesabu ya C ikawa _hesabu na ya Fortran ikawa _hesabu_, hazikanyagani tena. Ni alama ndogo ya taifa, kama "Wa" na mahali mtu alikotoka.

Kulikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi. Ukitaja jina la data ya nje bila kuipa thamani ya kuanzia, na mwenzako akataja lilelile katika faili jingine, linka nyingi za Unix hazikulalamika. Zilichukulia kwamba ni kitu kimoja na kuwapa wote chumba kimoja. Mara nyingi kweli kilikuwa kimoja. Mara nyingine mmoja alikuwa anaweka idadi ya abiria na mwenzake anaweka bei ya nauli, na kila mmoja anafuta ya mwenzake. Kompaila ya GCC iliufunga mlango huo katika toleo la 10, Mei 2020. Programu zilizokuwa zikijengwa kwa miaka zikaanza kukataliwa kwa ujumbe kwamba jina limefafanuliwa mara mbili. Watu walinung'unika. Kosa lilikuwapo siku zote. Kipya kilikuwa kuulizwa.

Kulisokota jina

Bjarne Stroustrup, Mdenmaki aliyefanya kazi katika maabara zilezile za Bell, alianza mwaka 1979 kuitanua C. Lugha yake ikaitwa C++ mwaka 1983, na kompaila yake, Cfront, ikauzwa kuanzia mwaka 1985. Alitaka fanksheni mbili ziweze kuitwa jina moja, mradi zinapokea vitu tofauti: "tafuta" inayopokea namba, na "tafuta" inayopokea maneno. Mtu hasumbuki nalo. Anayesema "kata" hahitaji vitenzi viwili kwa mkate na kwa tiketi. Lakini linka alijua majina matupu, hajui vitu.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa ya nusu. Fanksheni iliyotajwa mwanzo ilibaki na jina lake tupu, na zilizofuata zikabadilishiwa. Lakini mwanzo ni wapi? Faili moja likimtaja huyu kwanza, na jingine likamtaja yule, jina tupu linakuwa na wenyewe wawili. Mwaka 1988 Stroustrup alieleza dawa kamili, ikaingia katika toleo la 2.0 mwaka 1989: kila fanksheni ya C++ isokotwe jina lake pamoja na aina za vitu inavyopokea, bila upendeleo. Anayetaka jina tupu la C alisema waziwazi.

Kwa utaratibu unaotumiwa na kompaila nyingi leo, "tafuta" inayopokea namba kamili inamfikia linka ikiwa _Z6tafutai. Ile ya namba za desimali ni _Z6tafutad. Tarakimu 6 ni urefu wa jina, na herufi ya mwisho ni aina ya kinachopokelewa. Usokotaji huo haukuwa mapambo. Katika C mtu aliweza kuita fanksheni kwa namba ya desimali wakati iliyoandikwa inataka namba kamili, katika faili jingine, na linka akaziunganisha kwa jina tu. Programu ikatoa takataka bila neno. Kwa majina yaliyosokotwa hazikutani tena: linka anasema huyu unayemwita simjui.

Mwaka 1993 kamati ya C++ ikaongeza kile tunachoweza kukiita mtaa wa majina. Ukiiweka "tafuta" katika mtaa uitwao mvita, linka anasoma _ZN5mvita6tafutaEi. Ndani ya mtaa unasema "tafuta" na unaeleweka. Ukitoka nje, unataja mtaa kwanza. Ni desturi ya barazani neno kwa neno: jina fupi kwa jirani, nasaba kwa mgeni.

Hata hivyo kila kompaila ilisokota kwa mkono wake. GCC ilipobadili utaratibu katika toleo la 3.0 mwaka 2001, maktaba za C++ zilizojengwa kabla hazikuungana na programu mpya, na wasambazaji wa mfumo wa Linux walilazimika kuzijenga upya. Ilikuwa adha, lakini ya uaminifu. Mashine zisizoelewana zilikataa kuungana, badala ya kujifanya zinaelewana.

Cheti cha zamani

Kuna mgongano mwingine ambao nasaba haiutatui. Jina ni lilelile, mwenyewe ni yuleyule, lakini yeye amebadilika. Maktaba kuu ya C katika Linux ina fanksheni memcpy, ya kunakili data kutoka mahali hadi pengine. Sheria yake inasema mahali pawili pasiingiliane. Ilipoandikwa upya ili iende kasi, mwaka 2010, watumiaji wa Fedora 14, toleo mojawapo la Linux, walianza kusikia sauti za video zikikwaruza, kwa sababu programu ya Flash ilikuwa inaivunja sheria hiyo na toleo la awali lilikuwa likiisamehe.

Suluhisho la mwaka 2011 lilikuwa kuliambatanishia jina toleo lake. Programu iliyojengwa zamani inapoita memcpy hupewa ya zamani, na mpya hupewa mpya, zote zikikaa maktaba moja. Mzee aliyehitimu Tudor mwaka 1960 ana cheti kilichoandikwa MIOME. Mjukuu wake ana cha TUM. Hakuna anayewaambia wakabadilishane. Anayevisoma anajua kila jina lilikuwa na maana gani mwaka wake, na kwamba vyote vinaelekeza kiwanja kilekile.

Mgeni anayeitika

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na maktaba za programu za dunia nzima zikawa karibu na mwanafunzi wa Tudor kama duka la mtaani. Programu ya leo huagiza mamia ya vifurushi kwa majina tu. Lugha ya Java, tangu mwaka 1995, ilikuwa imeuona mgongano huo wa majina: ilishauri kila kifurushi kianze na anwani ya intaneti ya mwenyewe, ikisomwa kinyume. Cha chuo cha Tudor, chenye anwani tum.ac.ke, kingeanza na ke.ac.tum: nchi, kundi, nyumba.

Si wote waliofuata. Februari 2021 mtafiti wa usalama Alex Birsan alieleza alichofanya. Alitafuta majina ya vifurushi ambavyo makampuni yalitumia ndani tu, akasajili majina yaleyale kwenye maghala ya umma kwa namba kubwa zaidi ya toleo, akangoja. Mashine za makampuni zaidi ya 35, zikiwamo za Apple na Microsoft, ziliita jina la nyumbani, zikaitikiwa na mgeni wa nje, zikamwingiza. Birsan hakuwa mwizi. Alifanya hivyo kwa ruhusa na kwa zawadi za makampuni hayo. Lakini alionyesha wazi mlango ambao mwizi angepitia.

Ukiyapanga matukio haya pamoja, hasara haikutokana na kufanana kwa majina. Ilitokana na mashine kuchagua kimyakimya: herufi ya saba ikakatwa, wawili wakapewa chumba kimoja, aina za vitu zikapuuzwa, mwenye namba kubwa akapokewa. Na kila nafuu ya kweli ilikuwa ileile. Static, mtaa wa majina, jina lililosokotwa, toleo lililoambatanishwa, zote ni njia za kumpa linka habari ya kutosha ili aweze kuuliza.

Kwa hiyo mwanafunzi pale Tudor anapoona ujumbe mwekundu kwamba "hesabu" imefafanuliwa mara mbili, asikimbilie kuifuta moja ili programu ipite. Ajiulize kwanza nani mwingine anaiita. Kama hayupo, aibakize ndani ya faili. Kama wapo, aipe mtaa. Na kama ya pili ni ya maktaba ya mtu mwingine, afungue aisome kabla ya kuamua, kwa sababu huenda wenyewe wawili wanalitumia neno moja kwa kazi mbili tofauti kabisa. Mataifa kumi na mawili ya Mombasa hayakuacha kuwaita watoto wao Ali. Yalizoea tu kwamba barua ikifika barazani, haifunguliwi mpaka mwenyewe ajulikane.